Mwaka Nilioudhamini Mparachichi

Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekana jambo moja, na nimelikana kwa ufundi. Nimelikana mezani Mutanga Nord, mtaa wa wenye nazo, mbele ya watu waliosoma kunishinda. Nimelikana kwa mume wangu tangu siku za uchumba. Nimelikana hata kwa daktari aliyeniuliza, kwa adabu sana, kama katika ujana wangu niliwahi kuwa na mazungumzo yasiyo ya kawaida. Jambo lenyewe ni hili: niliwahi kuongea na mti. Sikuongea nao mara moja, wala kwa mzaha, wala kwa sababu ya malaria. Niliongea nao karibu mwaka mzima, kila siku baada ya sala ya alasiri, nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki chenye mguu uliofungwa waya, na niliongea kama mtu aliyepelekwa mbele ya hakimu bila kuambiwa kosa lake. Kila kisa hiki kilipotajwa katika familia nilicheka kuliko wote, kisha nikasema aliyekuwa akiongea na mti ni Mama Furaha, mpangaji wa mama yangu mkubwa. Mama Furaha ni mlokole wa Uvira, mji wa Kongo ng'ambo ya mpaka, ambaye husali kwa sauti ya kuamsha mtaa, kwa hiyo watu waliniamini bila shida.

Mwezi uliopita Mama Mkubwa Zaina alifariki, na matanga yakawa nyumbani kwake, mtaa wa Mutakura, kwenye uwanja uleule nilikoongea na mti. Wanawake tulikaa kwenye mikeka chini ya turubai. Pilau ililetwa kwenye masinia, na pembeni ya kila sinia palikuwa na vipande vya parachichi vilivyotiwa chumvi na ndimu. Nilikuwa na kipande mdomoni Mama Furaha alipoingia. Amezeeka, anatembea kwa fimbo, lakini sauti yake ya sokoni haijapungua hata kidogo. Alinitafuta kwa macho mpaka akanipata, akasema mbele ya mkeka mzima, kwa jina la utani alilonibandika enzi za chuo, yaani daktari, "Dogiteri. Ulisha kumusalimia mutu wako?" Akaelekeza fimbo kwenye mparachichi uliosimama nyuma ya jiko, mkubwa sasa kuliko nyumba, umejaa matunda kiasi kwamba majirani wanalalamikia mabati yao. Nilimeza. Nikajaribu uongo wangu wa zamani: "Si wewe ndiye uliyekuwa unaongea nao?" Aliniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto aliyejikojolea. "Mi nasemaka na Mungu," akasema. "Ye anajibu. Wewe muti yako ilikujibu nini?" Wanawake wakacheka kwa kujiziba midomo na ncha za mitandio, kama inavyopasa matangani. Jibu lake nimekuwa nikilitafuta tangu siku ile, na kwa kuwa Mama Mkubwa hayupo tena kunisahihisha kutoka jikoni, nitalazimika kujisahihisha mwenyewe.

Mambo ya ukoo nayaruka. Inatosha kusema kwamba mwaka ule chuo kilikuwa kimefungwa kwa mgomo, nami nilikuwa msichana wa mwaka wa pili wa fasihi, aliyekuwa akilala kutwa na kuamka jioni kuuliza kama kuna habari. Watu wa nyumbani walinichoka. Walisema napelekwa Mutakura kumsaidia Mama Mkubwa, ambaye mwanawe alikuwa hajulikani alipo; nadhani yeye aliambiwa kwamba naletwa anisaidie mimi. Kila mmoja alimpokea mwenzake kama mgonjwa. Alinipa chumba cha huyo mwanawe, Yusufu, binamu yangu, fundi wa magari. Alikuwa amepanda lori la mizigo lililokwenda ng'ambo, upande wa Kongo, ili likiharibika njiani awepo wa kulitengeneza. Alisema atarudi kabla ya Ijumaa. Ijumaa ilipita, na nyingine, mpaka watu wakaacha kuzihesabu mbele ya mama yake. Wala lori halikurudi. Chumba chake kilinuka mafuta ya mazuti na sabuni ya mche. Ovaroli yake ya bluu ilikuwa imening'inia nyuma ya mlango, magoti yamejaa, mikono imejikunja, kama mtu aliyetoka ndani yake muda si mrefu. Niliambiwa nisiisogeze. Kwa hiyo nilivua na kuvaa nguo zangu mwaka mzima nikiwa nimeipa mgongo, kwa heshima.

Kila jioni Mama Mkubwa alipakua sahani moja zaidi. Kama ni bugari, ugali wa kwetu, na ndagala, dagaa wa ziwani, alichagua ndagala wakubwa. Kama ni wali, alikwangua ukoko akauweka juu, kwa sababu Yusufu alipenda ukoko. Alifunika sahani kwa kawa, akaiweka kwenye kabati la vyombo, akafunga mlango wa kabati taratibu kana kwamba ndani kuna mtu amelala. Asubuhi chakula kile kilipashwa moto nikapewa mimi. Mumewe, Mzee Hamisi, aliyekuwa na karakana ndogo mbele ya nyumba, aliinamia chai yake. Ndivyo nilivyonenepa katika mwaka wa huzuni kubwa kuliko yote niliyoijua: nilikuwa nakula sehemu ya mtu asiyekuwepo. Mama Mkubwa mwenyewe alikuwa anakonda. Kila alipopata nafasi alikwenda kwenye kituo cha magari ya Uvira, akawauliza madereva, akawaachia namba ya simu ya Mama Furaha, maana siku zile simu ya mkononi ilikuwa ya wachache na ya Mama Furaha ilikuwa ya uwanja mzima. Alirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi, akasema, "Hawajamuona, lakini hawajasema amekufa," akaingia jikoni.

Ukuta kati ya chumba changu na ukumbi wa Mama Furaha ulikuwa wa matofali mabichi, na mtu akiweka kikombe mezani nilijua kama kimejaa. Hivyo ndivyo nilivyosikia hukumu. Mzee Hamisi alikuwa amekuja kukusanya kodi na akabaki kuongea, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. "Huyu mwanamuke atanifia," alisema. "Anapikia kivuli. Mi ni baba, najua. Mutoto angekuwa muzima angetuma hata neno." Mama Furaha akasema Mungu anaweza yote. "Anaweza," Mzee akakubali, "lakini na sisi tunaweza kidogo. Mwaka ukitimia tunasoma hitma, watu wanakula, inaisha. Na ule muti naukata. Najenga aneksi pale, napangisha." Nilielewa kwa nini mti. Yusufu aliupanda alipokuwa mtoto, kokwa ndani ya kopo la maziwa ya unga, na alipokua nao ukakua, ukawa mrefu kama yeye, ukachanua kila mwaka, na kila mwaka ukayaangusha maua yote chini bila kuacha hata tunda moja. Mama Mkubwa alifagia maua yale asubuhi polepole, kama mtu anayeokota nguo za mtoto sakafuni. Mzee hakuweza kukifunga kile kilichokuwa kikiendelea ndani ya mkewe. Aliweza kukata mti.

Wengi wenu mnaijua desturi hii, au mna bibi aliyeifanya kisha akaikana mbele ya imamu. Mti usiozaa hutishwa. Mtu mmoja huja na panga, akaupiga bapa kwenye shina, akautangazia kwamba siku zake zimekwisha. Mwingine humshika mkono, akauombea, akasema: uache, mimi naudhamini, mwakani utazaa. Mti unasikia, unaogopa, unazaa. Kwa kawaida ni mchezo wa muda mfupi, watu wanacheka, chai inafuata. Lakini nyumbani kwa Mama Mkubwa palikuwa na nyongeza ambayo sijaikuta kwingine: mdhamini haendi zake. Anabaki na mti wake. Kila alasiri anakaa nao na kuuzungumzisha mpaka msimu wa matunda, kwa sababu mti uliotishwa ukiachwa peke yake hukauka kwa woga. Mama Mkubwa aliiomba desturi hiyo kwa ajili ya mparachichi wa Yusufu, na Mzee akakubali, nadhani kwa kuwa ilimpa sababu ya kushika panga.

Ilikuwa Ijumaa, ametoka msikitini, kofia bado kichwani. Aliupiga mti bapa mara ya kwanza, akasema maneno yanayosemwa. "Mi nimechoka na we. Miaka yote tunakumwagilia, unatupa majani tu. Leo nakukata." Mara ya pili akapiga kwa makali. Panga lilizama na utomvu ukatoka, na wote tukaona kwamba mchezo umekwisha. Alikuwa analia na anakata. Alipaswa kushikwa mkono. Mama Mkubwa hakuweza, maana mwenye mti hajidhamini mwenyewe. Alimtazama Mama Furaha, naye akarudi nyuma na kusema, "Mi siombeake miti, dada yangu, unajua," na kweli alikuwa na huzuni kuukataa. Basi nikatoka mimi, na usingizi usoni, nikamshika Mzee mkono. "Uache, Mzee," nikasema. "Mi naudhamini. Mwakani utazaa." Hapo nilitakiwa kunyamaza. Desturi haidai zaidi ya hapo. Lakini nilikuwa mwanafunzi wa fasihi, sentensi niliiona fupi, na nilikuwa sijaongea kitu cha maana kwa miezi. Nikaongeza: "Na siku utakapozaa, aliyeupanda atakuja kula."

Nyundo za karakana ya jirani zikaendelea peke yake. Mzee akashusha panga, akaniangalia kwa namna ambayo hata leo nikiikumbuka naishika shingo yangu. Mama Mkubwa alisogea karibu. "Umesema?" akaniuliza. Ningeweza kusema nilikosea. "Nimesema," nikajibu, kwa sababu uso wake, kwa mara ya kwanza tangu nifike, ulikuwa na mtu ndani. Nimefundisha watu kuandika kwa miaka mingi, na nikiona mwanafunzi ameongeza sentensi kwa ajili ya uzuri wake tu, naifuta kwa kalamu nyekundu mpaka karatasi inatoboka. Wanadhani ni ukali.

Kesho yake nilipelekwa kwenye kiti cha plastiki. Nilijua hadithi nyingi, nikaanza na ya sungura. Sikufika mbali. "Apana," Mama Mkubwa aliita kutoka jikoni. "Hadisi ni ya usiku. Mutu akitoa hadisi mchana, mwenzake mwenye iko safari anapotea njia. Mchana sema kweli tu." Nilimuuliza, kwa kiburi cha chuo, kweli ya namna gani. "Kweli," akasema. "Ile yenye ilitokea." Nikajaribu tena. Niliueleza mti mambo niliyofundishwa darasani kuhusu msimulizi na msimuliwa, na nikasikia kicheko cha Mama Furaha aliyekuwa akichambua mboga za lengalenga kizingitini kwake. "Dogiteri, hata mi ningekuwa muti ningeangusha maua," akasema. Niligundua jambo la aibu: nilikuwa na umri wa kupiga kura na sikuwa na habari hata moja ya kweli ya kumpa mparachichi. Nilichojua mimi kilikuwa cha watu wengine. Nilikaa alasiri nzima nikitazama gome, lile jeraha la panga lililokuwa limeanza kujifunga kwa rangi ya kahawia, na nikaona chungu wanalizunguka badala ya kulipita. Nikasema hivyo kwa sauti. "Chungu wanazunguka kidonda chako." Jikoni hapakutoka neno. Nikaelewa kwamba hiyo imepita.

Nikaanzia hapo. Nilisema kilichokuwapo: ndege gani ametua, moshi wa jiko unaelekea wapi, milima ya ng'ambo inaonekana leo au imefichwa. Kisha nikaanza kumtaja Yusufu, kwa kuwa mti ulikuwa wake. Nilisema nilichokijua mwenyewe, na nilipokosea sauti ilitoka jikoni kunisahihisha, na hivyo polepole tukawa watu wawili tunaousimulia mti mtu mmoja. Kwamba akifungua injini, Yusufu huweka nati ndogondogo ndani ya shavu, halafu anaongea nazo mdomoni, na wateja wanadhani ana kigugumizi. Kwamba siku moja alimeza nati ya kabureta, na mwenye gari, bwana mmoja wa mtaa wa Kigobe mwenye tai, alilazimika kuja karakana asubuhi na mchana kuuliza, kwa lugha safi kabisa, kama imeshatoka. Hapo Mama Mkubwa alicheka. Nilimsikia akigonga mwiko kwenye sufuria. Kwamba hapendi kuaga. Akienda zake husema "Nakuja," hata kama anakwenda kulala, na ndivyo alivyosema akipanda lori. "Kweli," ikatoka sauti jikoni, nyembamba. "Alisema hivyo. Nakuja." Siku ile hatukuendelea.

Yalipoisha ya Yusufu nilibaki na yangu. Hili ndilo nililolikana kwa ukali kuliko yote. Unaweza kuongea na mti ukabaki na heshima yako, ukisema ulikuwa mdogo, ukisema ni desturi. Lakini mimi niliuambia mambo ambayo sikuwa nimemwambia mtu. Niliuambia kwamba silali kwa sababu ya uchovu, nalala kwa sababu nikiwa macho naogopa. Kwamba chuo kikifunguliwa sijui kama nitarudi, na kwamba kila ninapoandika kitu nakiandika kwa sauti ya mwalimu wangu mmoja mwenye miwani, mpaka nimesahau yangu ilikuwaje. Sauti yangu ilikuwa inanikwaruza mwanzoni. Ilikuwa ya kawaida mno. Haikuwa na neno hata moja la kuazima, na nilipoisikia ikirudi kutoka kwenye ukuta wa jiko nilitaka kugeuka nione nani anaongea. Majani ya mparachichi ni mazito, upepo ukipita hayatoi mlio wa maana. Hakuna siku yaliponijibu. Lakini yalibaki palepale, nami nikajikuta nabaki. Watu hulipa pesa siku hizi kwenda kufundishwa jambo hilo, kukaa mahali pamoja na kutulia, na mtu mwenye filimbi. Mimi nilifundishwa na mwanamke anayekaanga ndagala, aliyekuwa na shughuli nyingine kabisa.

Mvua zilikuja. Mti ukachanua, ukaangusha maua, uwanja ukawa wa kijani hafifu, na Mama Mkubwa akafagia. Mzee alipima kwa miguu mahali pa aneksi. Mwaka wa hitma ulikuwa unakaribia kutimia. Halafu asubuhi moja Mama Furaha, aliyekuwa akianika nguo, aliachia kanga ikaanguka kwenye tope. Hakuita. Alikuja akanishika mkono, akanivuta, akanionyesha juu kwa kidevu. Kwenye tawi la upande wa barabara palikuwa na tunda. Moja tu, dogo kama kidole gumba. "Sasa utafanya nini?" akaninong'oneza. Kati ya watu wote wa uwanja ule, ni yeye peke yake aliyeona kwamba hiyo haikuwa habari njema. Tulilitazama kama watu wanaotazama nyoka kwenye dari. "Nitaomba lianguke," akasema. "Halafu nitaomba lisianguke. Mungu atachagua."

Halikuanguka. Mama Mkubwa aliliona siku hiyohiyo, na kuanzia hapo nyumba ikawa ya furaha mbaya. Alifua mashuka ya kitanda nilichokuwa nalalia, akanihamishia mkekani ukumbini. Aliishusha ovaroli, akaifua, akaipiga pasi. Alianza kula. Alikula vizuri, akaongea na chakula mdomoni, akamwambia Mzee anunue kabureta iliyokosekana kwenye gari lililolala karakana, maana kijana akija hatakaa bure. Mvua ya mawe ilipopiga mtaa wetu alitoka akasimama chini ya tawi lile na sinia juu ya kichwa. Mzee Hamisi alinijia karakana ilipofungwa, akiwa amejifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Wewe," akasema, "mi nilitaka kumuzika mutoto wangu mara moja. We utanizikisha wawili, ye na mama yake." Hakuwa na hasira tena. Afadhali angekuwa nayo.

Alasiri ile nilikaa kwenye kiti changu na sikuweza kuanza. Tunda lilikuwa limefikia ukubwa wa yai. Kisha nikasema, kwa kuwa ilikuwa mchana na sikuwa na lingine la kweli: "Sijui kama Yusufu yuko hai. Sikujua siku ile pia. Nilisema atakuja kula kwa sababu maneno yalipendeza." Niliongea polepole, nikijua nani anasikia. Nilisubiri mwiko, au sufuria itupwe, au kilio. Jikoni paliendelea kukaangwa vitunguu. Kisha ikatoka sauti yake, bila kupanda wala kushuka. "Hiyo nayo ni kweli," akasema. "Endelea." Lakini sahani aliipakua jioni kama kawaida, na ndagala wakubwa juu.

Siku ya simu Mama Furaha alikwenda sokoni na akaniachia simu yake kwa sababu ya wezi. Nilikuwa nayo mapajani, chini ya mti, wakati wa alasiri. Ilipolia nilidhani ni wateja wake wa samaki. Ilikuwa sauti ya mwanamume, mbali, na nyuma yake upepo na injini ya mashua. "Allo. Ni kwa Mama Furaha?" Nikasema ndiyo, lakini ameenda sokoni. "We ni nani?" Nikasema mimi ni wa hapahapa nyumbani. Akakohoa. "Shofa mumoja wa gari ya Uvira alinipa hii namba. Alisema kuko mama anatafutaka mutoto wake, mekanisien, Yusufu." Nikasema ndiyo, Yusufu fundi wa magari, ni hapa. "Bon. Sikiliza, dada. Kuko mutu tulizika huku kwetu. Homa ilimukamata ku njia, siku mingi zimepita, mbele ya mvua kuanza. Alikuwa mekanisien, na jina lake Yusufu. Lakini ba-Yusufu ni wengi, na mi sipende kuliza mama ya batu bure. Unieleze kitu juu yake. Kitu yenye batu ya ku nyumba tu banajua. Kama haiko ye, nitakata simu, na nyinyi mutaendelea kungojea."

Nilisimama, nikakaa tena. Nataka kuwa mwaminifu kuhusu muda ule. Nilikuwa na uongo tayari, mzima, uliokamilika: mtu mrefu mwenye jino la dhahabu, anayevuta sigara, anayechechemea. Maneno machache tu. Simu ingekatwa, tunda lingeendelea kuning'inia, sahani ingeendelea kufunikwa, na Mama Mkubwa angeendelea kula. Ningekuwa nimemwokoa. Nilikuwa mtu wa kutunga. Ndiyo kazi pekee niliyoijua. Jua lilikuwa limepita kwenye majani na kuanguka kwenye magoti yangu, na nikasikia mlango wa jiko ukifunguliwa. Lakini ilikuwa mchana, na Yusufu alikuwa safarini. Sikutaka apotee zaidi ya pale.

Kwa hiyo niliutazama mti, kama nilivyozoea, nikamsimulia yule mwanamume. Nikamwambia kwamba akifungua injini huweka nati shavuni. Kwamba huongea nazo mdomoni. Kwamba anapenda ukoko. Kwamba haagi, akienda zake husema nakuja. Niliongea bila haraka na bila kuongeza kitu. Sauti yangu ilitoka ya kawaida, ileile. Nilipomaliza nikasikia injini ya mashua ikizimwa.

"Nakuja," mtu yule akasema. "Hata ku mwisho alitusemea vile."

Mama Mkubwa alikuwa ametoka jikoni. Alisimama karibu yangu na sahani ya Yusufu mkononi, ametoka kuiosha, anaipangusa kwa ncha ya kanga, anazunguka palepale tu ambapo palikuwa pamekauka. Hakuuliza ni nani.

"Ni yeye, dada," sauti ikasema. "Pole sana." Kisha, kama mtu aliyekumbuka ujumbe aliotumwa zamani: "Na ile muti? Alikuwa anatuambia habari yake kila mara, sisi tunamucheka. Ilisha kuzaa?"

Nililitazama lile tunda. Nikamtazama Mama Mkubwa, naye akanitazama, na mkono wake ukaacha kupangusa.

"Moja," nikasema.